Uwani wa Mwenye Nyumba

Kutoka chini mpaka mlangoni kwa bibi yangu kuna vidato sabini na mbili. Nimevihesabu tangu nikiwa skuli ya msingi, mara nyingi nikiwa na ndoo mkononi, kwa sababu maji ya mfereji yalikuwa yakifika ghorofa za chini na kuchoka hapo hapo. Bibi anaishi Michenzani, Unguja, katika moja ya yale majumba ambayo mtu anayetoka Mji Mkongwe kwenda shamba hawezi kuyakosa: majumba kumi ya saruji, marefu mpaka karibu mita 300 kwa jumba moja, yaliyopangwa kando ya barabara mbili pana zinazokutana kwenye mzunguko. Hayana majina. Ni Jumba Namba Moja, Namba Mbili, na kuendelea. Kwa ujumla wake huitwa nyumba za maendeleo, na siku hizi neno hilo hutamkwa kwa namna ambayo huwezi kujua kama ni sifa au kejeli.

Mwaka jana nilianza kuandika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu majumba haya, na hoja nilikuwa nayo kabla sijafungua jalada hata moja. Nilitaka kusema kwamba walioyabuni hawakuielewa nyumba ya Kiswahili. Walifuta baraza, walifuta uwani, wakawapanga watu juu kwa juu kama vyombo kabatini. Hoja hii haina tabu kuiandika. Wengi wameiandika kabla yangu, tena vizuri, na sehemu kubwa yake ni kweli. Siku moja nikamsomea bibi ukurasa wa kwanza, nikitarajia atikise kichwa kwa huzuni nilipofika kwenye maneno yangu matamu kuhusu uwani uliopotea, wanawake wakipiga soga huku wakichambua mchele, watoto wakicheza chini ya mpapai.

Akaniuliza, "Uwani wa nani?"

Nilidhani hajasikia vizuri. Alikuwa amesikia.

Ng'ambo, kama jina lenyewe linavyosema, ni upande wa pili. Zamani mkono wa bahari uliingia Darajani na kuutenga Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, na eneo lililokuwa nyuma yake. Huko nyuma walijenga watumwa na waliokuwa watumwa, wachukuzi, mafundi, wavuvi, Wangazija, watu waliotoka bara. Mkono ule wa bahari ulikuja kufukiwa na kugeuzwa barabara, lakini jina likabaki, na dharau ya jina ikabaki nalo. Nyumba za Ng'ambo zilikuwa za fito na udongo, zikiezekwa makuti na baadaye mabati. Mbele baraza, katikati ukumbi, vyumba kushoto na kulia, nyuma uwani wenye jiko, choo na pengine kisima. Ilikuwa nyumba yenye akili nyingi. Mtu alianza na chumba kimoja, akaongeza cha pili alipopata pesa, akapangisha cha tatu. Mwanamume mgeni aliishia barazani. Shughuli zote za wanawake zilikuwa nyuma, ambako jirani aliingia kwa mlango wa uani bila ya kuonekana njiani.

Vitabu vyangu vinaisifu nyumba hii, na mimi naisifu. Lakini vinavyoisifu huwa vinaieleza kwa macho ya mtu aliyesimama katikati ya ukumbi, mwenye haki ya kwenda mbele na nyuma. Bibi hakuwa mtu huyo. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja, yeye, mume na watoto watatu. Uwani ulikuwa wa mwenye nyumba. Kupika kulikuwa na zamu, na zamu ya mpangaji wa mwisho ilikuwa ya mwisho. Kuanika nguo kuliombewa ruhusa. Ugomvi wa watoto ulimalizwa na mke wa mwenye nyumba, na siku zote ulimalizika kwa namna moja.

Na mwenye nyumba mwenyewe hakuwa na kila kitu. Ng'ambo nyumba ilikuwa na mwenyewe na ardhi iliyokuwa chini yake ilikuwa na mwenyewe mwingine. Kiwanja kililipiwa kodi, na mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo ya viwanja, mgomo uliowatia hofu wenye ardhi na serikali ya Kiingereza pamoja. Kwa hiyo juu ya kipande kimoja cha ardhi palikuwa na tabaka tatu za watu: mwenye kiwanja, mwenye nyumba, mwenye kupanga chumba. Ukisema "nyumba ya Kiswahili" bila ya kusema unazungumza na yupi kati ya hawa watatu, umesema nusu tu ya jambo. Tasnifu yangu ilikuwa na kurasa thelathini za nusu hiyo.

Waingereza nao walikuwa na ndoto yao kuhusu Ng'ambo. Katika miaka ya 1940 walipanga kuijenga upya, mitaa iliyonyooka na nyumba za mfano, na Raha Leo wakajenga jumba la kijamii ambako mwananchi angejifunza kuwa mwananchi mzuri. Waliamini kwamba ukimnyooshea mtu barabara, na yeye atanyooka. Sehemu kubwa ya mpango ilibaki kwenye karatasi. Jumba la Raha Leo likabaki, na redio ikawa hapo; Januari 1964 sauti iliyowatangazia watu kwamba serikali ya Sultani imepinduliwa ilitoka Raha Leo. Sidhani kama yumo katika walioichora Raha Leo aliyeliwazia somo hilo la uraia.

Baada ya Mapinduzi mambo yalikwenda kwa kasi. Ardhi ikawa mali ya serikali. Zanzibar ikaitambua Ujerumani Mashariki mapema mwaka huo huo wa 1964, jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyokuwa imelifanya, kwa sababu Ujerumani Magharibi ilitishia kuvunja uhusiano na yeyote atakayeitambua jirani yake. Kwa serikali ya Berlin Mashariki kisiwa hiki kidogo kikawa dirisha la duka: hapa dunia ingeona ujamaa wa Kijerumani unaweza kumfanyia nini Mwafrika. Wakaanza Kikwajuni, kwa majengo ya ghorofa ya kiasi ambayo mpaka leo watu wanayaonea wivu. Kisha mpangaji miji Hubert Scholz akaletwa, na mpango wa mji wa 1968 ukaichora Ng'ambo upya yote, barabara pana zikiikata katikati na majumba yakijipanga kando yake kama gwaride.

Wajerumani hao walikuwa wametoka kwenye shauku yao wenyewe. Nchini kwao, tangu katikati ya miaka ya 1950, nyumba zilikuwa zikitolewa kiwandani: vipande vya zege vinatengenezwa vyote kwa kipimo kimoja, vinapakiwa, vinainuliwa kwa winchi, vinaunganishwa. Mji wa Hoyerswerda, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa makaa ya mawe, ulikuzwa namna hiyo kuanzia 1957. Nyumba ikawa kitu cha kuhesabiwa. Na ukishaweza kuihesabu, unaweza kuiahidi.

Abeid Karume alipenda ahadi za kuhesabika. Alikuwa baharia ujanani, alizunguka bandari za dunia na kuona watu wa kawaida wanaishi ghorofani, na sioni sababu ya kuitilia shaka hamu yake ya kuwatoa watu wa Ng'ambo kwenye udongo. Lakini hamu ile haikuwa na subira wala haikubishiwa. Michenzani ilianza kupanda karibu mwaka 1970, ikijengwa kwa sehemu kubwa na Wazanzibari wenyewe, wengi wao katika kazi za kujitolea ambazo kutokwenda kulikuwa na gharama zake. Bibi alibeba matofali na kokoto. Anasema walikuwa wakiimba. Anasema pia kwamba kulikuwa na foleni ya unga na foleni ya mchele, na watu walijifunza kuzungumza kwa sauti ya chini. Yote mawili anayasema kwa pumzi moja, na nilipomtaka achague lipi liandikwe aliniangalia kana kwamba mimi ndiye mwenye umri wa miaka themanini.

Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, Kisiwandui, hatua chache tu kutoka kwenye majumba yake. Kazi ikaendelea chini ya Aboud Jumbe, kisha ikasuasua, na kilichojengwa kikawa sehemu ndogo ya kilichochorwa. Majumba ya aina hiyo yalifika mpaka Pemba, na mpaka Bambi na Makunduchi, yakisimama katikati ya minazi na mihogo.

Kuna jambo dogo huwa linanichekesha. Darasani tulifundishwa kwamba usanifu wa kisasa "ulikufa" mwaka 1972, pale Marekani walipoanza kuyalipua majengo ya makazi ya umma ya Pruitt-Igoe mjini St. Louis. Mwandishi Charles Jencks ndiye aliyetangaza kifo hicho, na vitabu vikakinakili. Mlipuko wa kwanza ulikuwa mwezi Machi. Mwezi huo huo Michenzani zege lilikuwa linachanganywa. Marehemu alikuwa amezikwa Missouri huku Unguja bado anapanda ngazi na tofali begani.

Nyumba walipewa watu bure, wakiwamo waliobomolewa zao kupisha ujenzi. Bibi akapata mlango. Hivi ndivyo anavyosema yeye, hasemi nyumba. Mlango wenye kitasa na ufunguo, na nyuma yake vyumba ambavyo havikuwa vya mtu mwingine, choo ndani, umeme, na jiko.

Jiko ndilo lililoleta maneno. Ukitaka kujua asili yake inabidi uende mbali, Frankfurt, ambako mwaka 1926 msanifu wa Kiaustria Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za umma za mji ule. Alihesabu hatua za mama wa nyumba kama mtu anayehesabu hatua za mfanyakazi kiwandani. Alijifunza kutoka kwenye majiko ya mabehewa ya chakula ya treni. Matokeo yake yalikuwa chumba cha karibu mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu mkono unakifikia, mwanamke mmoja amesimama, mlango umefungwa. Kiasi cha nyumba 10,000 zilitiwa jiko hilo, na wazo lake likaenea Ulaya yote, Mashariki na Magharibi, mpaka watu wakasahau kwamba lilibuniwa na mtu. Likaonekana kuwa ndivyo jiko lilivyo.

Jiko la bibi ni mjukuu wa jiko lile, ingawa hakuna barua inayosema hivyo. Nalo lilimdhani mwanamke aliyesimama, peke yake, anayepika kwa umeme au gesi. Bibi anakuna nazi amekaa kwenye mbuzi. Anapika kwa mkaa, na seredani haitaki chumba chembamba, inataka upepo. Siku ya hitima au harusi wanawake kumi wanakaa mkeka mmoja kumenya vitunguu, na hakuna mahali pa kuutandika. Kisha choo kikawa mlango mmoja tu kutoka penye chakula, jambo lililowachafua roho wazee wengi. Kwa hiyo seredani ikahamia roshani. Roshani, ambayo kwenye ramani ilikuwa ya kupunga upepo, ikawa jiko, ikawa kamba ya nguo, ikawa banda la kuku kwa muda, na mjomba alipooa ikazibwa kwa matofali na mabati ikawa chumba. Ukiyaangalia majumba yale kutoka barabarani leo, hakuna roshani mbili zinazofanana. Mstari ulionyooka wa Scholz umepigwa viraka na watu waliokosa mahali pa kuweka uwani, wakauweka hewani.

Nilipofika hapa kwenye maandishi yangu nikafurahi, nikaona hoja yangu imerudi: unaona, watu waliudai uwani wao! Bibi akasema hapana. Roshani ile aliiziba mwenyewe, kwa pesa zake, bila ya kumwomba mtu zamu. Hilo kwake lilikuwa jambo jipya. Wala hakukosa uwani. Alikosa nafasi, ambalo ni jambo jingine.

Aliyeukosa uwani ni mwenye nyumba wake.

Habari hii aliniambia usiku mmoja umeme ulipokatika. Mzee yule, mwenye nyumba ya vyumba sita na mti wa ndimu, alibomolewa naye akapewa nyumba Michenzani. Jumba lile lile na bibi, ngazi nyingine. Vyumba vile vile, kitasa kile kile. Siku ya kuhamia walikutana chini, kila mtu na magodoro yake, na bibi anasema hakujua amsalimu vipi. Alimwamkia kama siku zote, "Shikamoo, mzee." Mzee akaitikia. Kisha wakasimama, kwa sababu hapakuwa na jengine la kusema: hakuna kodi ya kudaiwa tena, na hakuna zamu ya kupangwa.

Mzee hakuyazoea majumba. Kutwa alikuwa chini, kwenye jiwe lililobaki la ujenzi karibu na mlango wa ngazi. Wenzake wakamfuata. Likaongezwa jiwe la pili, wakatia saruji, ikawa baraza. Wanaume wakacheza bao na dhumna, wauza kahawa wakaanza kupita, na vijana wa leo wanakaa pale pale na simu zao bila ya kujua imetoka wapi. Kwenye ramani nilizoziona, mbele ya milango hiyo pameachwa patupu.

Nimejaribu kuandika sura moja inayomchukua mzee huyu na bibi kwa pamoja, na bado haijakaa sawa. Mpango ule ule ulimpa mmoja mlango na kumnyang'anya mwingine ndimu. Msimamizi wangu wa tasnifu ananitaka niseme kama mradi ulifaulu au ulishindwa. Ninaelewa kwa nini anataka hivyo. Lakini siku hizi kila ninaposoma mtu anayelilia uwani uliopotea, najikuta nauliza alikuwa analala upande gani wa nyumba. Na kila ninaposoma mtu anayesifu nyumba bora kwa wanyonge, nalikumbuka lile jiwe.

Nyumba ya bure, hata hivyo, ina deni lake. Isiyolipiwa kodi haina anayewajibika kuitengeneza. Ngazi zikamong'onyoka, mabomba yakaziba, maji yakapanda siku anazotaka yeye. Familia zikazaana ndani ya vyumba vile vile. Kwa bibi tuliwahi kulala watu tisa. Nyumba ilikusudiwa mume, mke na watoto, wala haikuulizwa watoto wakioa wataongeza chumba upande gani. Nyumba ya udongo ingelijibu hilo kwa fito na siku tatu za kazi. Hapo, kwa haki yote, nyumba ya zamani ilikuwa na akili zaidi, na bibi analikubali. Alilikubali huku akinikumbusha kwamba chumba hicho cha ziada angejengewa mtoto wa mwenye nyumba.

Mjomba sasa amejenga Fuoni. Ni nyumba ya kisasa ya siku hizi, nayo haifanani na usasa wa 1970 hata kidogo: iko chini, imejitenga, ina ukuta wa matofali wenye geti la chuma, sebule ya kochi kubwa, jiko la vigae ndani ambalo linaonyeshwa wageni, na jiko la nje nyuma ambalo ndilo linalopikiwa. Nilipoliona lile la nje, na mwembe kando yake na mkeka umetandikwa, nilicheka. Uwani umerudi, safari hii nyuma ya geti. Barazani hapana mtu, kwa sababu hapana baraza. Anayepita njiani anaona ukuta.

Mjomba anataka mama yake ahamie huko. Magoti yake hayawezi tena vidato sabini na mbili. Hushuka kwa mazishi na sikukuu tu, na kupanda kunamchukua muda wa sala mbili. Fuoni kuna chumba chake, choo chake, hakuna ngazi hata moja. Ndugu wote wameona ni jambo la busara, mimi nikiwamo. Tulikwenda kumwambia Ijumaa moja, tukiwa wengi, baada ya chakula.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ufunguo wa geti unakaa na nani.

Mjomba akasema unakaa kwake, kwa usalama, lakini yeye akitaka kutoka si atafunguliwa tu. Bibi akasema, "Ahsante mwanangu," akaomba aletewe maji ya kunawa.

Hajahama. Mwezi uliopita mjomba alimleta fundi atie mkono wa chuma kwenye ngazi ili apate cha kushikilia. Ni kazi ya jumba zima, majirani walichangishana, na kila ghorofa lilikuwa na maoni yake kuhusu rangi. Fundi alianzia chini. Pesa ziliishia ghorofa ya pili.